Rufaa ya hifadhi Uingereza: tathmini ya huduma ya Baraza, kuanzia barua ya kukataliwa hadi uamuzi wa jaji

Siku 14. Hizo ndizo anazopewa mtu aliyekataliwa hifadhi akiwa ndani ya Uingereza, na zinahesabiwa tangu Home Office (wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza) ilipotuma uamuzi. Hazingoji bahasha ifunguliwe wala apatikane mtu wa kuisoma. Jumamosi na Jumapili zimo ndani ya hesabu. Aliye nje ya nchi ana siku 28. Ukichelewa bado unaweza kuwasilisha, lakini utaomba kuongezewa muda na kueleza kwa ushahidi kwa nini umechelewa (barua ya hospitali, uthibitisho kwamba ulihamishwa makazi na barua ikaenda kwingine), na jaji anaweza kukukatalia hapo hapo kabla hata ya kugusa kesi yenyewe.

Huduma tunayoitathmini ni ya First-tier Tribunal, kitengo cha uhamiaji na hifadhi. Tutaiita Baraza. Majaji wake hawako chini ya Home Office, na mbele yao Home Office ni upande mmoja wa kesi kama wewe ulivyo upande wa pili. Kwa jumla tunaona kwamba siku ya kusikilizwa ndiyo sehemu bora ya huduma hii. Udhaifu uko kwenye njia ya kuifikia: foleni, uhaba wa mawakili, na namna Kiswahili chako kinavyogeuzwa kuwa Kiingereza kabla jaji hajakuona.

Kabla ya lolote, soma ukurasa wa barua unaosema kama una haki ya kukata rufaa. Baadhi ya maombi hupigwa muhuri kwamba hayana msingi kabisa, chini ya kifungu cha 94 cha sheria ya uhamiaji na hifadhi ya 2002, na hapo mlango wa Baraza umefungwa. Kinachobaki ni kuomba mahakama ipitie uhalali wa uamuzi wenyewe. Hiyo ni njia nyingine kabisa: inatakiwa ifunguliwe haraka na kwa vyovyote ndani ya miezi 3, na bila wakili ni ngumu mno.

Kuwasilisha rufaa hufanywa mtandaoni. Unahitaji namba ya kumbukumbu ya Home Office, tarehe ya barua na nakala ya barua yenyewe. Ada ni pauni 140 ukitaka kusikilizwa na pauni 80 ukitaka jaji aamue kwa karatasi tu. Anayelipiwa wakili na serikali au anayeishi kwa msaada wa waomba hifadhi halipi. Kwa kesi ya hifadhi usichague njia ya karatasi ili kuokoa pauni 60. Kesi nyingi hukataliwa kwa sababu Home Office haikumwamini mtu, na mtu asiyeonekana wala kuulizwa ana nafasi ndogo ya kuaminiwa.

Fomu ina sehemu ya kuchagua lugha ya mkalimani. Watu huandika "Swahili" na kuendelea, na makosa huanzia hapo. Andika Kiswahili chako kwa jina lake: Kibajuni, Chimwini cha Barawa, Kiswahili cha Kongo. Mkalimani hulipwa na Baraza, nawe huna gharama yoyote, lakini Baraza litakupa ulichoomba.

Kuhusu mawakili, katika England na Wales yupo wakili wa kulipiwa na serikali kwa kesi ya hifadhi, na anayepokea msaada wa waomba hifadhi huhesabika moja kwa moja kuwa hana uwezo wa kulipa. Lakini kwenye rufaa kuna kipimo cha pili: wakili lazima apime nafasi ya kushinda. Akisema nafasi ni ndogo na hataendelea, ana wajibu wa kukupa fomu iitwayo CW4, ambayo kwayo unakata rufaa dhidi ya uamuzi wake huo. Wengi hawajawahi kuisikia. Iombe kwa jina. Nje ya London mawakili hawa ni wachache sana, na kusini-magharibi mwa England mtu anaweza kupiga simu ofisi baada ya ofisi asipate nafasi. Kwa hiyo wasilisha rufaa mwenyewe ndani ya siku 14, kisha endelea kutafuta. Rufaa iliyowasilishwa bila wakili inaweza kupokewa na wakili baadaye. Iliyopitwa na muda huanza na deni.

Jihadhari na vishoka. Uingereza ni kosa la jinai kutoa ushauri wa uhamiaji bila usajili. Mshauri asiye wakili anatakiwa awe kwenye orodha ya Immigration Advice Authority (hadi Januari 2025 iliitwa OISC), na ni wa daraja la 3 tu anayeruhusiwa kusimama mbele ya jaji. Mzee wa jumuiya anayeandika barua nzuri za Kiingereza anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini maelezo atakayokuandikia ndiyo utakayohojiwa juu yake, sentensi kwa sentensi. Kuna pia wanaouza hadithi zilizokwisha kutumika kwa wengine. Jaji anayesikiliza kesi za Kongo kila wiki ameshazisoma.

Baada ya kuwasilisha, Home Office hutakiwa kupandisha faili lake: maombi yako, maelezo ya mahojiano, ushahidi ulioipa, barua ya kukataa. Kisha zamu yako inakuja. Kwa kawaida una siku 28 tangu faili hilo lipatikane, au siku 42 tangu uwasilishe rufaa, ipi iwe ya baadaye, kuweka ushahidi na muhtasari wa hoja. Asiye na wakili huandika maelezo ya kesi yake kwa maneno yake. Halafu Home Office hutakiwa kuipitia kesi upya na kusema bado inapinga nini. Hatua hii ni nzuri kuliko inavyodhaniwa: ushahidi ukiwa umekamilika, wakati mwingine Home Office huuondoa uamuzi wake hapo. Ila kuondoa uamuzi si kukupa hifadhi. Rufaa hukoma, uamuzi mpya huandikwa, na unaweza kuwa wa kukataa tena.

Sasa yale maelezo ya mahojiano. Tungeomba kila msomaji atumie muda mwingi hapa kuliko popote, kwa sababu hapa ndipo kesi za Waswahili zinapovunjika. Omba rekodi ya sauti, si maandishi peke yake. Kaa na mtu anayejua Kiswahili chako na Kiingereza, sikilizeni swali kwa swali, na mwandike kila mahali tafsiri ilipoteleza.

Saa ndiyo ya kwanza. Ulisema walikuja saa nane usiku, mkalimani akasema saa nane kwa Kiingereza, na barua ya kukataa inasema: kwanza ulidai walikuja jioni watu wakiwa macho, baadaye ukadai kijiji kizima kilikuwa kimelala. Hukubadilisha kitu, ni saa sita tu zimepotea njiani. Ya pili ni ukoo. Ndugu si lazima awe wa tumbo moja, baba mdogo ni baba, na binamu akilelewa nyumba moja nawe huwa kaka. Kwenye faili ya Home Office wote hao hugeuka kuwa orodha ya ndugu isiyolingana na ile uliyoitoa siku ya kwanza. Ya tatu ni askari. Polisi ni askari, mwanajeshi ni askari, mlinzi wa getini ni askari, na mhifadhi wa mbuga pia. Kama kesi yako inategemea kuwa waliokukamata walikuwa wa dola na si wanamgambo, neno hilo moja linaweza kuamua kesi. Kisha kuna "alikuja", ambayo haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, na mkalimani hulazimika kukisia. Kuna mkono, unaoanzia begani hadi vidoleni, na mguu vilevile, kwa hiyo kovu la kiganjani huandikwa la mkono wa juu na daktari halioni huko.

Tarehe nazo. Wazee wa pwani huhesabu kwa miezi ya Kiislamu: Mfunguo Mosi ni Shawwal, Mfunguo Tatu ni mwezi wa kuhiji. Kwa kuwa mwaka huo ni mfupi kwa siku 11 hivi, tukio la "Mfunguo Mosi" halikai mwezi mmoja wa kizungu kila mwaka. Ukikokotoa kwa haraka mbele ya afisa utakosea, na kosa litaitwa uongo. Ni heri kusema unakumbuka kwa mwezi wa Kiislamu na kumwachia wakili ahesabu. Kwa ndugu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi tatizo ni jingine: namba, siku na vyeo husemwa kwa Kifaransa katikati ya sentensi ya Kiswahili, na mkalimani aliyekulia Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuviacha vipite.

Masahihisho haya yaingie kwenye tamko lako la ushahidi kwa namba ya swali: swali la 64 linasema hivi, nilichosema kwa Kiswahili ni hiki, maana yake ni hii. Malalamiko ya jumla kwamba mkalimani alikuwa mbaya hayana uzito. Home Office itajibu kwamba mwisho wa mahojiano ulisema umeelewa kila kitu.

Wabajuni na watu wa Barawa wana mzigo wa ziada, nao ni uchambuzi wa lugha. Sauti hurekodiwa, hupelekwa kwa kampuni, na ripoti hurudi ikisema msemaji anatoka kusini mwa Somalia au Kenya. Yeyote aliyeishi pwani anajua kwa nini hili ni gumu. Mbajuni wa visiwa vya Chula au Koyama husema "mchu" na "chachu" palipo na mtu na tatu, lakini maelfu walikimbilia Kenya miaka ya 1990, wakakaa kambi za karibu na Mombasa kama Jomvu, na watoto wao wakakua na Kiswahili cha Mombasa mdomoni. Tena mtu mbele ya afisa hujitahidi kusema Kiswahili "safi" ili aeleweke, na kwa kufanya hivyo hufuta mwenyewe ushahidi wake. Sema nyumbani unavyosema.

Ripoti hiyo inaweza kupingwa. Baraza la rufaa za uhamiaji la wakati huo, katika uamuzi wa mwongozo (yaani ule ambao majaji wa kesi zinazofuata huanzia hapo) wa 2004 uitwao KS, lilieleza kwamba kumtambua Mbajuni kunahitaji kupima mambo kadhaa pamoja: Kibajuni, Kisomali kulingana na maisha aliyopitia mtu, na ujuzi wa maisha ya Kibajuni, yaani mila, kazi na jiografia, na kwamba kujua Kibajuni peke yake kusichukuliwe kuwa ndiyo kauli ya mwisho ila katika hali chache. Mwaka 2014 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza nayo ilitaka ripoti za lugha zibaki ndani ya utaalamu wa lugha na zionyeshe ujuzi wa aliyeziandika. Kwa hiyo wakili wako aulize: mchambuzi amekulia wapi, alisikiliza dakika ngapi, na kwa nini anatoa maoni kuhusu ujuzi wako wa visiwa ilhali yeye ni mtu wa sauti?

Ushahidi mwingine tutaupitia kwa haraka zaidi. Hati isiyo ya Kiingereza lazima iwe na tafsiri, na mtafsiri athibitishe usahihi wake. Picha ya WhatsApp ya hati ya kutafutwa na polisi haitoshi. Tunza bahasha, ujumbe ulioileta, na maelezo ya nani aliipata, wapi na vipi, kwani kanuni iliyowekwa na kesi ya Tanveer Ahmed mwaka 2002 ni kwamba ni wewe unayetakiwa kuonyesha kuwa hati inategemeka, na jaji ataitazama pamoja na ushahidi wote. Hati nzito iliyopatikana kirahisi mno huharibu hata yale ya kweli.

Makovu yanahitaji daktari anayejua kuyaandikia ripoti ya mahakama. Mashirika ya Freedom from Torture na Helen Bamber Foundation hufanya kazi hiyo, na foleni zao ni ndefu, hivyo ombi liende mapema. Ripoti nzuri hufuata Mwongozo wa Istanbul, ule wa kimataifa wa kuchunguza alama za mateso, wenye ngazi tano: hailingani, inalingana, inalingana sana, ni ya kawaida kwa jeraha la aina hiyo, na ile ya tano, kwamba haiwezi kuwa na chanzo kingine. Ripoti inayosema tu "inalingana" haikubebi mbali, kwa sababu kovu hilo lingeweza kutokana na mambo mengi. Na jaji haruhusiwi kuamua kwanza kwamba u mwongo halafu ndipo aitupe ripoti. Kosa hilo la kisheria limeshabatilisha maamuzi mengi tangu kesi ya Mibanga ya 2005.

Hoja ya Home Office inayokuja karibu kila kesi ya mashariki mwa Kongo ni kwamba unaweza kuhamia Kinshasa. Usiijibu kwa neno moja la hofu. Eleza ungeishi kwa nani, ungekula nini, watoto wangesoma wapi, dawa zako zinapatikana kwa bei gani. Msemaji wa Kiswahili asiyejua Kilingala hutambulika Kinshasa mara afunguapo kinywa kuwa mtu wa mashariki, na hilo liandikwe na kuungwa mkono na ripoti za nchi. Soma pia uamuzi wa mwongozo kuhusu Kongo uitwao PO, wa 2023, kwani jaji ataanzia hapo, na hausemi kwamba kila aliyekataliwa hifadhi yuko hatarini akirudishwa.

Walioomba hifadhi tangu tarehe 28 Juni 2022 wana kipimo kigumu zaidi. Kwanza jaji anauliza kama kuna uwezekano mkubwa kuliko nusu kwamba wewe ni huyo unayesema na kwamba kweli unaogopa. Hapo ukivuka, hatari ya baadaye hupimwa kwa kiwango cha chini. Zamani kiwango cha chini kilitumika kote. Na bado kuna kifungu cha 8 cha sheria ya hifadhi na uhamiaji ya 2004, kinachomtaka jaji ahesabu dhidi yako kuchelewa kuomba, kutumia pasipoti ya uongo, au kupita nchi salama bila kuomba. Usiyanyamazie mambo hayo. Maelezo ya kweli, hata ya aibu, humsaidia jaji kuyapunguzia uzito.

Foleni ndiyo kasoro kubwa ya huduma. Mwishoni mwa Machi 2025 rufaa za hifadhi zilizokuwa zikisubiri zilikaribia 51,000, na kusubiri zaidi ya mwaka ni jambo la kawaida. Ukihama, julisha Baraza na Home Office kila mmoja kwa maandishi, kwa kuwa kujulisha mmoja hakumfikii mwingine. Usipofika, jaji anaweza kuendelea bila wewe.

Ukiwa na shahidi Nairobi au Goma, usimpange kutoa ushahidi kwa video bila kuuliza. Tangu uamuzi wa Agbabiaka wa 2021, mtu hawezi kutoa ushahidi wa mdomo akiwa nchi nyingine mpaka iwe wazi kwamba nchi hiyo haina pingamizi, na kuuliza huko hupitia wizara ya mambo ya nje na huchukua muda. Tamko la maandishi halihitaji ruhusa hiyo.

Siku yenyewe chumba ni kidogo: meza, jaji, mkalimani, wakili wako, ofisa wa Home Office. Hakuna mawigi. Jaji huanza kwa kukuacha uongee kidogo na mkalimani. Msiulizane habari za hali ya hewa. Taja kijiji, taja ndugu, taja saa, usikie kama anakufuata. Kama hamwelewani, sema wakati huo huo. Jaji atauliza, na kesi inaweza kuahirishwa kwa sababu hiyo. Kusema baada ya kushindwa ni kuchelewa. Kisha unathibitisha tamko lako, ofisa wa Home Office anakuhoji, wakili wako anafafanua yaliyopinda, jaji anaweza kuuliza, na hoja za mwisho hufuata, upande wako ukimalizia. Swali usilolielewa, omba lirudiwe. Usilolikumbuka, sema hulikumbuki. Kukisia tarehe ili kumridhisha muulizaji ndiko kunakozaa mgongano mpya.

Hapa tunaisifu huduma bila kusita. Mwenye majeraha ya akili, aliyebakwa, au mtoto anaweza kuomba mapumziko, maswali mafupi, jaji na mkalimani wa kike, na chumba kufungwa kwa watu wa nje, na majaji wana mwongozo rasmi kuhusu mashahidi walio dhaifu. Lakini iombwe mapema kwa maandishi, ikiwezekana na barua ya daktari.

Uamuzi huja kwa maandishi baadaye. Ukishinda, Home Office ina siku 14 za kuomba ruhusa ya kupinga, kwa hiyo usimwache wakili mpaka siku hizo zipite. Ukishindwa, nawe una siku 14 kuomba ruhusa kwa Baraza hilo hilo, na ukinyimwa, siku 14 nyingine kuomba kwa Baraza la Juu, Upper Tribunal. Huko hakuna kusimulia upya. Wanatafuta kosa la sheria: jaji hakutoa sababu, aliacha ushahidi muhimu, aliupuuza mwongozo wa nchi, alikunyima haki ya kusikilizwa. "Jaji hakuniamini" si kosa la sheria. "Jaji hakuniamini kwa sababu ya saa nane usiku, na masahihisho yapo ukurasa wa 12 wa tamko ambao hakuutaja popote" linaweza kuwa. Juu ya hapo ipo Mahakama ya Rufaa, ambako kesi lazima iwe na jambo kubwa la kanuni au sababu nyingine nzito, na zinazofika huko ni chache.

Njia zote zikiisha, ushahidi mpya unaweza kupelekwa Home Office chini ya aya ya 353 ya kanuni za uhamiaji. Ukikubaliwa kuwa ombi jipya, hata kama litakataliwa, utapata rufaa nyingine, ila jaji wa pili ataanza na alichokiandika jaji wa kwanza, kwa kanuni ya kesi ya Devaseelan ya 2002. Ushahidi uliokuwapo tangu mwanzo na hukuutoa, ataupokea kwa shaka. Hivyo chukua kwa wakili faili lako lote, pamoja na rekodi ya sauti ya mahojiano, mara tu kesi inapofungwa. Ofisi hufunga, mawakili huhama, na wakili atakayeshika ombi la pili hawezi kuandika hata ukurasa mmoja bila uamuzi ule wa kwanza mkononi.